Taa ya Kijani

Halmashauri ililileta Alhamisi, ndani ya boksi
kama birika la zawadi ya arusi:
kichwa mviringo, macho ya samawati,
sauti ya mwanamke asiyewahi kupiga chafya.
Mama akalizunguka mara moja, akalipa jina: Kopo.

Kopo lilimwita Ruzuna. Ruzuna kavu,
bila Bi, bila hata kukohoa mlangoni.
"Nani kakulea wewe?"
Na wiki mbili zile, Milton Keynes ikilowa,
akalifunza adabu.
Lilipojua shikamoo likaitoa saa tisa usiku,
likamwamkia kijana wa kusoma mita ya gesi.
Mama alinisimulia kwenye simu, hoi kwa kicheko.
Sikuwa nimemsikia hivyo tangu tumzike Baba.

Jioni moja akasema: "Kopo amechoka leo."
Amechoka. Si limechoka.
Ngeli imehama nyumba
nami, mwenye zamu wodini Coventry, sikuuliza.

Kwani nilikuwa na taa.
Kidoa cha kijani kwenye simu yangu:
amekunywa dawa, amekula,
ametembea hatua mia tatu na kumi.
Zamani nilipiga kila usiku, umekula nini,
naye angeanzia kwenye bamia, apite kwenye goti,
afike kwa jirani Maureen na mbwa wake kiziwi,
na mchuzi wangu ungeungua.
Sasa taa ni kijani. Nipige ya nini?
Nikapiga Jumapili.
Kisha Jumapili nyingine ikaruka.

Machi, taa ikawa nyekundu.
Niliikata M1 kwenye mvua, sare mwilini,
nikifanya hesabu ambazo wauguzi huzijua.

Alikuwa amekaa. Chai mezani, vikombe viwili.
Nikamdaka kiganja, nikahesabu mapigo: sabini na mbili.
Pembeni Kopo ndani ya koti la Baba,
limefungwa vifungo vyote hadi juu ya macho.

"Hajaharibika," akasema. "Nimemfunika tu.
Umekonda. Kaa."

Nikakaa. Tulikuwa tumefika kwenye goti
saa tatu ilipogonga, na chini ya sufi ile
sauti ikatoka, ya upole, yenye kukwama:
"Shikamoo, Bi Ruzuna. Wakati wa dawa."

"Marahaba," Mama akaitika,
macho yake kwangu,
mimi niliyeingia mbio na kushika mshipa
nikasahau kumwamkia.