Shahidi Namba Tatu

Karatasi ililetwa na mgambo wa kata
katikati ya masika, imekunjwa mara nne
ndani ya mfuko wa sukari isilowe.
"Saini hapa, fundi. Ukikataa, naandika umekataa."
Nikasaini kwa mkono wenye grisi.
Dole gumba langu likafika mahakamani
kabla yangu.

Mimi hutengeneza mizani hapa Kiboriloni,
ya saa, ya rula, ya kuning'iniza.
Springi ikichoka naijua kwa sikio.
Mwezi wa kumi aliniletea yake Elinami,
mume wa dada yangu, mnunuzi wa kahawa kule Uru.
"Ipunguze, shemeji. Kilo mbili tu kwa gunia."
Sikuipunguza. Akaipeleka kwa mwingine.
Wala sikumwambia mtu.

Dada alikuja usiku na ndizi mkungu mzima.
"Sema hukumbuki," akasema. "Watu husahau."
Alipoondoka niliisoma tena kwa tochi ya simu:
UNAAMRIWA KUFIKA. Saa tatu asubuhi, bila kukosa.
Hapakuwa na nafasi ya kujaza kwamba nina kazi,
wala ya kujaza kwamba nina dada.

Mara ya kwanza hakimu alikuwa semina.
Ya pili, jalada halikuonekana.
Ya tatu, wakili anaumwa tumbo.
Kila mara nafunga kibanda, navaa koti la harusi,
nashuka Moshi mjini, nakaa benchi moja na Elinami
tukiulizana habari za migomba.
Siku moja alininunulia chai.
Nikainywa. Ilikuwa na tangawizi nyingi.

Leo wameniita kwa jina lote, la ubatizo na la ukoo.
Nimeapa.
"Unamfahamu mshtakiwa?"
Namfahamu. Ndiye aliyenishikia ngazi nikiezeka nyumba.
"Alikuomba nini?"

Dirishani Kibo kimejifunika wingu;
chenyewe hakikuletewa karatasi.
Aikande yuko safu ya pili, mtandio wa kijani,
anatazama viatu vyangu.

Kuna muda fundi anaujua:
mshale unatikisika, haujatua,
na mkono wako unawasha,
nawe hutakiwi kuugusa.

"Kilo mbili," nikasema. "Kwa kila gunia."

Karani akainua kichwa,
akaomba nirudie, polepole,
aandike.