Yeye wa Katikati

Mahakama ya Malindi, chumba cha pili, feni inazunguka
kama mtu aliyesahau alichokuwa akitafuta.
Hakimu anajua Kiswahili. Faili ndilo halijui.
Ndiyo maana nalipwa mimi, Zamzam Bwanaadi,
nisimame kati ya mdomo na kalamu.

Miaka kumi na tisa, na bado vijineno vyao vidogo
hunitoa jasho, si yale marefu ya Kilatini.
Weka ni weka tu, mpaka uitie mbali: kesi imeahirishwa.
Uitie juu, halafu na: mke amemvumilia mumewe.
Chukua, ukaongeza ndani: mjane amempa hifadhi mpangaji,
au mpangaji amemtapeli mjane. Chagua, mkalimani,
watu wanakungoja.
Toa, ukaongeza juu, ungedhani ni sadaka,
kumbe mtu amekata tamaa.

Sisi hushona mkiani: shuka, shusha, shushia, shushiana,
uzi hauonekani.
Ingawa nisijisifu. Mgeni mmoja aliniuliza
kwa nini tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga mswaki,
na hakuna anayelia.

Na viwakilishi! Kwao, mwenye jina ana hiari:
aketi kati ya kitenzi na kijineno chake,
au angoje mwishoni, akipenda.
Yeye, asiye na jina, hana hiari.
Lazima aingie katikati, ashikwe huku na huku.
Isipokuwa kwa kutunza, na kwa kutafuta,
hapo hukaa nyuma kabisa. Usiniulize sababu.
Mwalimu wangu wa Barani alisema sikio litakwambia.
Langu lilichukua miaka sita.

Jumatano aliapishwa Ngumbao Mwaringa,
mchimba visima, mkazi wa Muyeye.
Uchunguzi wa kifo. Kisima cha futi arobaini,
jenereta ya pampu imewekwa ndani, juu ya kipago cha mawe,
moshi hauna pa kutokea.
Chengo, shemeji yake, miaka ishirini na mitatu,
kamba kiunoni.

"Nilimteremsha," akasema Ngumbao.

Neno moja. Chengo mzima ndani yake ni herufi moja, m,
imebanwa kati ya wakati uliopita na kitendo.
Nikafungua kinywa, na sikio langu, lile la miaka sita,
likatangulia:

I let him down.

Kalamu ya hakimu ikasimama.
Kwa maana kwao maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule,
ni kumshusha mtu kwa kamba
na ni kumwangusha aliyekutegemea.
Wakili wa mwenye shamba akainuka nusu,
uso wake uso wa aliyeokota pochi.
"Naomba kurekebisha," nikasema.
Lowered. Neno moja, halina kijineno nyuma yake,
halina pa kuficha kitu.
Likaandikwa. Yale ya kwanza yakapigwa mstari.

Koridoni, karibu na dirisha la kulipia faini,
akaniuliza nilikuwa nimefuta nini.
Nikamweleza. Maana ya kwanza, kisha ya pili.
Akakunja karatasi yake ya wito, akaikunja tena,
mpaka ikawa ndogo kama kete.
"Usingefuta," akasema.

Sikuwa na tafsiri ya hilo, wala hakuna aliyeniomba.

Kisha: "Na nikampandisha, wao husemaje?"
Pull him up.
"Yeye ni lipi hapo?"
Nikanyoosha vidole vitatu, nikagusa cha kati.
Akakitazama kidole changu muda mrefu,
hata karani akatoka kuita kesi inayofuata,
akaita mara mbili, akarudi ndani,
nami ningali nimekinyoosha.