Kushoto kwa Nani

Ngwali yuko juu kilimani, jicho kwenye darubini ya miguu mitatu.
Mie niko bondeni, nimeshika fito nyekundu na nyeupe.
"Kushoto!" ananipigia kelele. "Kushoto kidogo!"
Tunatazamana uso kwa uso,
kwa hiyo kushoto kwake ni kulia kwangu,
na mwaka wa saba huu tunafanya kazi pamoja
hatujakubaliana kushoto ni kwa nani.
Nakwenda hatua moja huku. Anapunga mkono. Narudi.

Kangagani, asubuhi, umande bado uko kwenye majani ya muhogo.
Kesi ni ya hatua moja na nusu:
Asaa na Mize, tumbo moja, mikarafuu kumi na minne,
na jiwe la mpaka ambalo Asaa anasema limehama.
Mize anasema jiwe halina miguu,
labda mkarafuu ndio uliohama.

Mie niliyeishia kidato cha pili
najiuliza neno lisilomo kwenye hati:
je, kama vimehama vyote?
Usiku, watu wamelala,
jiwe na mkarafuu na futi yetu ya chuma
na banda la kuku na Mize mwenyewe kitandani
vikasogea pamoja, kwa mwendo mmoja.
Nani angeamka akasema, ala, mbona?

Nimesoma, kwenye kitabu cha jiografia kisicho na jalada,
dunia inakimbia kilomita thelathini kila sekunde.
Nikapiga hesabu nyuma ya daftari la vipimo.
Tangu tukunjue futi hadi kuikunja, dakika ishirini:
shamba la Asaa limekwenda kilomita thelathini na sita elfu.
Mahali tulipoanzia kupima hapapo tena.
Au papo, ila sisi ndio hatupo.
Na jua nalo, kinasema kitabu, linakwenda.
Ukurasa unaofuata umechanika, sijui linakwenda wapi.

Nikamwambia Ngwali. Akasema, "Shika fito wima."

Lakini lugha yenyewe inanichokoza.
Kitu kisichokuwapo tunakikana kwa mahali:
hapana, pale pale nilipokinyooshea kidole;
hakuna, kule kote;
hamna, ndani mwake.
Mitungi mitatu ya utupu,
na hakuna aliyeniambia nyota zimemiminwa katika upi.
Na alfajiri tunasema kumekucha.
Nani kakucha? Si jua, jua lina ngeli yake.
Ni ku, ile ile ya kumetulia, kunanuka, kuna baridi,
imekucha yenyewe, bila kuomba ruhusa ya kitu chochote.

Basi siku nyingine naamini mahali ni kitu,
kama ukili uliosukwa ukawekwa pembeni,
unangoja kushonwa mkeka.
Siku nyingine naamini si chochote,
ni deni tu baina ya vitu viwili:
ng'oa jiwe, kata mkarafuu,
ile hatua moja na nusu inabaki kwa nani?

Asaa katoka na ufagio, simu kaibana kwapani.
"Nyie mnapima nini tangu saa moja?
Mpaka ni pale ninapoacha kufagia."
Na Mize, upande wa pili, naye ana ufagio wake:
"Na mie naanzia anapoacha yeye."
Nikaangalia. Walikuwa wanasema kweli, karibu.
Katikati umebaki mstari wa majani makavu,
upana wa shibiri mbili,
ufagio wa huyu haukufika, wa yule haukufika,
na katika kesi nzima hakuna aliyeudai.

Fomu ina nafasi ya maelezo, mistari miwili.
Niliandika: majani.

"Kulia!" akapiga kelele Ngwali.
Sikusogea.
Nilishika fito wima, nikabana pumzi,
nikakiachia kilima kisogee.