Nafasi ya Neno Moja

Masizi ya taa ya zeituni, gundi ya mti wa mshita,
maji kidogo kidogo, na mkono usiochoka kukoroga:
huo ndio wino wangu, mimi Maadana,
binti wa mchuna ngozi wa lango la chini.
Sijui kusoma. Wino ulioiva naujua kwa harufu.

Mfalme wetu alitawazwa ndevu zake zikiwa bado zinabisha hodi.
Kuhani Pelatia akamwekea meza, kalamu ya tete, ngozi laini,
akamwambia, "Sheria yenyewe inataka mfalme ajiandikie.
Si karani wake. Si mimi. Mkono wako."
Wa barazani wakachekea mikononi.

Lakini aliandika. Siku ya kwanza alichafua vidole,
siku ya tatu aliuma ulimi
kama mtoto anayejifunza kufunga gidamu.
Nikipeleka kidau nilimsikia akitamka polepole:
yatima. Mgeni. Mawe ya mizani.
Nikasema moyoni, labda huyu.

Siku ya kumi na mbili alisimamisha kalamu.
Nje, juu ya sakafu ya ua, kwato.
Farasi arobaini kutoka Misri,
bei yao shayiri ya vijiji vitatu.
Na mstari aliofikia, Pelatia alinieleza baadaye,
ndio ule unaomkataza mfalme kujirundikia farasi.

"Wino huu mbovu," akasema.
Nikaitwa. Nikaunusa, nikauonja kwa ncha ya ulimi.
"Bwana wangu, wino ni mzima."
Hakunitazama.
Aliacha nafasi, upana wa kidole gumba,
akairuka, akaendelea kwa mwandiko mzuri ajabu.

Nilimngoja Pelatia angurume.
Alikunja vazi lake, akaketi.
Njiani nikamuuliza, mbona kimya?
"Herufi nimemfundisha. Aibu hujifundisha yenyewe,
ila haina haraka."
Nilimwona mwoga. Hata leo sina hakika kama nilimwonea.

Mwaka ule mvua ya mwisho haikunyesha.
Punje zilizokuwepo zilipanda kilima kwenda mazizini.
Ndipo mjane Atara wa bondeni
akabeba jiwe lake la kusagia mpaka mlango wa mfalme,
akapiga magoti, akaanza kusaga.
Hakuwa na nafaka. Alisaga hivyo hivyo, jiwe kwa jiwe.
Askari walitazamana: nani amewahi kupiga marufuku kusaga?
Adhuhuri walikuwa wanne.
Jua linazama, kumi na mmoja, na vumbi jeupe la mawe
limewakaa kwenye kope kama unga.

Usiku nikasikia mlango wangu.
Hana mlinzi, taa mkononi, kilemba hana.
"Nipe wino. Si mwingi.
Wa neno moja."
Nilikuwa nao uliobaki chini ya chungu, mzito,
kwa kuwa maji ya kuulainisha tulikuwa tukiyanywa.
Akaupokea kwa mikono miwili,
nikaona mikono inatetemeka, nikatazama pembeni.

Farasi thelathini na mmoja walishuka kuuzwa Gaza.
Tisa walibaki. Sitadanganya:
wakati mwingine nawasikia nikiwa kitandani.
Shayiri ilirudi nusu, na kinyesi cha panya ndani yake,
na mtoto wa mwisho wa Atara hakuisubiri.
Wanaosema mfalme yule alikuwa mtakatifu
hawakuwepo, au walishiba.

Pelatia tumemzika. Mfalme ameota mvi.
Kila sikukuu ngozi ile hukunjuliwa mbele ya watu,
nao hufumba macho ili wasikie vizuri.
Mimi huyafumbua.
Mistari yote imefifia, rangi ya majivu ya jana,
isipokuwa pale katikati, neno moja limebanana,
jeusi kama jicho la kunguru.
Sijui kusoma.
Lile nalisoma.