Kengele Haijui Hodi

Pampu ikiungua, Newala nzima hushuka bondeni.
Njia ni moja, ya udongo mwekundu,
imejikunja ukingoni kama mkanda uliotupwa kitandani.
Upana wake ni mwanamke mmoja na ndoo yake,
au baiskeli moja na madumu manne,
au punda mmoja, akikubali.

Mimi ni wa madumu.
Kule juu dumu ni shilingi mia tano, huku chini bure;
katikati ni mgongo wangu.
Kushuka, zamani, nilijiachia:
breki zangu soli ya kandambili niliyoikata mwenyewe,
na kengele ya marehemu baba, ya shaba,
kriing, pisheni, kriing, pisheni,
nikaamini njia yote imenisikia.

Kweli walipisha.
Waliingia vichakani na mizigo vichwani,
upupu ukawapata shingoni,
wakajikuna hadi magharibi.
Mimi sikujua.
Aliye mteremkoni hageuki.

Kisha akaja Masunga, kijana wa Kisukuma
aliyefuata ng'ombe wa baba yake hadi huku kwenye Ruvuma,
amekaa juu ya punda aitwaye Mheshimiwa
kwa sababu hasogei bila kubembelezwa.

Ilikuwa kona ya tatu, penye korongo la mvua za Machi.
Kriing! Nikatokea.
Punda hakusikia kengele.
Alisikia kitu kisicho na harufu, kisicho na miguu,
kinakuja mbio kikicheka.
Akarudi kinyumenyume,
na nyuma yake Bi Somoe Nangumbi alikuwa anapanda, ndoo imejaa.

Lita ishirini. Saa nzima na nusu ya shingo yake.
Maji yakatupita sote kuelekea yalikotoka,
wala hayakupiga kengele.

Hakuna aliyetukana. Afadhali wangetukana.
Bi Somoe aliikung'uta ndoo, akaniangalia:
"Mwanangu, kwa kuwa njia haina mlango
ndiyo unaingia bila hodi?"

Naye Masunga, akimpapasa mnyama shingo:
"Baiskeli haiogopi. Anaogopa asichokijua.
Ukituona, shuka, sema neno.
Akisikia sauti atajua ni mtu."
"Nimwambie nini?"
"Muulize habari za nyumbani."
Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Siku ile nilipandisha madumu manne
na ndoo ya Bi Somoe imening'inia kwenye usukani,
ikinimwagia kila hatua goti la kushoto.
Hapo ndipo nilipoujua mlima:
mwenye mzigo akisimamishwa katikati,
haendelei. Anaanza upya.

Sasa ikinyesha, nakokota pembeni kwenye majani.
Tairi likipita udongo ukiwa laini huchora mfereji,
mfereji wa leo ni korongo la mwakani,
na korongo huvunja kifundo cha mtu asiye na baiskeli.
Sikufundishwa hilo. Niliona kifundo.

Usidhani tumekuwa malaika.
Chikoti wa mkaa hampishi mtu, magunia yake yanakwangua pande zote mbili.
Masunga husinzia, punda akachagua katikati.
Bi Somoe mwenyewe akikutana na shoga yake
huweka ndoo chini, njia ikafungwa
mpaka mume wa fulani amalizwe kusengenywa.
Tunangoja. Umbea nao ni mzigo.

Jana, kona ya tatu, niliwaona wanapanda.
Nikashuka.
Nikaifunika kengele kwa kiganja isije ikajilia yenyewe.
"Hodi," nikasema.
Kisha, nikichungulia kama kuna anayesikia,
"Mheshimiwa, habari za nyumbani?"

Sikio moja likanigeukia.
La pili akabaki nalo, kwa tahadhari.