Nukta Sifuri Sifuri

Theluji ya ziwani imeizika Erie tangu alfajiri.
Nafanya kazi chini ya nyumba, chumba cha boila,
skrini mbili, soksi mbili mbili,
chai imeshafanya utando.
Kazi yangu ni kuwasoma wagonjwa nisiowaona
na kuwapa namba.

Leo ni Walter Nowicki, miaka sabini na minane.
Aliunda vichwa vya treni hadi magoti yakamkatalia.
Aliingia kwa mafua, aina A, kipimo kimethibitisha;
siku ya tatu pafu la kulia, upande wa chini,
likatanda wingu kwenye picha.
Daktari Petrakis akaandika: nimonia.
Akaandika hilo tu, akaenda zake.

Nimonia ipi?
Virusi ndivyo vilivyoteremka vyenyewe hadi pafuni,
au bakteria walikuta mlango u wazi wakaingia?
Huku nukta ina mkia, na mkia una bei.
Mafua ya "huenda" ni jei kumi na moja.
Yaliyothibitishwa, jei kumi.
Kisha nukta, kisha tarakimu mbili
ambazo mtu wa bima atazigeuzageuza
kama sonara aliyeletewa pete na mtu asiyemjua.

Nikamwandikia daktari.
Kanuni ni kali: swali lisibebe jibu lake tumboni.
Nisimwambie ninachodhani, nisimchongee njia.
*Tafadhali bainisha, ikiwezekana, chanzo cha nimonia.*
Siku mbili kimya.
Makohozi yaliyooteshwa maabara hayakuota kitu.
Jibu likaja kwa herufi ndogo:
haiwezi kubainika.

Basi. Jei kumi, nukta, sifuri sifuri.
Sifuri ya kwanza: pafu limeguswa.
Sifuri ya pili: hatujui na nini.

Kuna mambo siruhusiwi kuyahesabu.
Muuguzi wa zamu aliandika, saa tisa usiku na dakika kumi,
kwamba mgonjwa ameomba pazia livutwe,
kwamba ameuliza kama yupo mtu
aliyemzolea theluji mlangoni kwake.
Maandishi ya muuguzi hayazai namba.
Nimeyasoma mara tatu,
kwa muda wa kampuni.

Kwetu Korogwe mjomba Shekue alikufa kwa kichomi.
Neno moja, likatosha msiba mzima,
wapika ubwabwa na wachimba kaburi.
Hakuna aliyeuliza kichomi kipi.
Usiku mmoja nilikitafuta humu, kwa siri:
hakimo.
Cha karibu kabisa ni maumivu ya kifua wakati wa kupumua,
ambayo si ugonjwa, ni dalili,
na dalili tupu hailipwi cha maana.
Mjomba angerudishiwa madai yake,
yeye aliyekataa hata kuazimwa baiskeli.

Namalizia fomu. Kisanduku cha kumi na saba:
mgonjwa aliondokaje.
Moja, akienda kwake.
Kidole kilikuwa kimeshakaa juu ya moja,
mazoea tu,
ndipo nikashuka hadi ukurasa wa mwisho.

Ishirini.

Hakuna nukta hapo, hakuna mkia.
Daktari haulizwi abainishe.
Nikaandika mbili, nikaandika sifuri,
mashine ikakubali bila hata kengele.

Bili itafika nyumbani kwake kwa jina lake,
itamshukuru kwa kuichagua hospitali yetu.
Mkewe ataifungua kwa kisu cha siagi, au hataifungua.
Hilo nalo si faili langu.

Darlene, anayetupima kasi, amenitumia ujumbe:
*Hili limekula dakika arobaini na moja. Sababu?*
Pana nafasi ya maneno machache tu.
Nimeandika: theluji.