Robo Mzunguko

Huku Teruel baridi haipigi hodi,
huingia na viatu vyake hadi kwenye mifupa.
Saa kumi na mbili alfajiri Obdulia Gascón
anavaa glavu juu ya glavu, anawasha trekta,
anakwenda kuyageuza magurudumu.

Ndege mia na kumi na tatu uwandani,
pua zote zimeelekea upande mmoja
kama watu wanaosubiri dirisha la benki lifunguliwe.
Kila Jumatatu kila moja isogee robo mzunguko,
la sivyo mpira hubonyea
kama shavu la aliyelala mno.

Mita moja kwa wiki.
Amepiga hesabu nyuma ya risiti ya mkate:
kwa mwendo huu atafika Punta Arenas
baada ya miaka laki mbili na ushei,
ukitoa sikukuu.

Huko ndiko aliko Araceli, bintiye,
na mtoto aliyezaliwa mipaka ikiwa imefungwa,
mjukuu mwenye sauti, mwenye sura, mwenye kwikwi,
asiye na harufu.

Ndani, madirisha yamebandikwa foili.
Vitini imekaa mifuko ya chumvi ya kunyonya unyevu,
abiria watiifu, hawadai chai.
Majarida bado ni ya Machi,
yamejaa bei nafuu za Pasaka.
Katika mfuko wa kiti cha thelathini na moja
alikuta soksi moja ya mtoto
na fumbo la maneno lililojazwa nusu:
mto wa Ulaya, herufi saba.
Mtu aliishia hapo, akashuka,
dunia ikafungwa nyuma yake.
Obdulia alijaza jibu kwa penseli,
maana mwenyewe huenda akarudi.

Redio ya Eutiquio, fundi mwenzake, inatabiri:
atakayesafiri kesho atachokonolewa pua,
ataonyesha vyeti vya sindano kama askari aonyeshavyo makovu,
atalala siku kumi na nne katika hoteli isiyofunguka dirisha
akihesabu magari ya watu yaliyoegeshwa,
na nauli itakuwa ya wenye mashamba.
"Uongo," anasema Eutiquio, akimenya chungwa.
"Wape miaka miwili. Watarudi kugombania
pa kuwekea kiwiko."
Obdulia hakujibu. Moyoni aliitikia amina.

Mwezi wa nane walikuja watu wa misumeno.
Ndege tisa zilikatwa, zikauzwa kwa kilo.
Mlango mmoja ulinunuliwa na wakili wa Zaragoza
autie miguu, uwe meza.
Ndege hiyo Obdulia alikuwa ameisogeza
mara ishirini na mbili.
Hakuna aliyemwuliza.

Jumapili moja jioni alipanda peke yake,
akakaa dirishani, safu ya thelathini na moja,
akafunga mkanda, soksi ile kiganjani.
Simu ikalia.
"Mama, mbona kuna giza? Uko wapi?"
"Niko njiani," alisema.

Nasi tunalijua neno hilo.
Husemwa na mtu mwenye povu la sabuni masikioni,
na wenyeji wake wanaelewa,
wanaongeza maji kwenye mchuzi.

Araceli naye alielewa.
Akamsogeza mtoto karibu na kioo,
mtoto akakilamba,
picha yote ikawa ukungu.

Kesho yake asubuhi Obdulia aliwasha trekta,
akaisogeza ndege ile robo mzunguko,
akaandika kwenye daftari: robo.
Kisha akaangalia nyuma, hakuna mtu,
akaiongezea kidogo.